Muda kama Mali: Historia ya Mashauri ya Wanunuzi wa Nyumba wa Kigeni dhidi ya Waendelezaji Milki nchini Saiprasi, 1974–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kwa nini mashauri yaliyofunguliwa na wanunuzi wa nyumba wa kigeni, hasa Waingereza, dhidi ya waendelezaji milki nchini Saiprasi yalichukua miaka mingi bila kumalizika. Maelezo yaliyozoeleka huutaja uzembe wa mahakama. Makala yanadai kuwa maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Ucheleweshaji ulizaliwa katika pengo la kihistoria lililopo kati ya kulipia nyumba na kuimiliki, pengo lililotokana na sheria ya ardhi, desturi za benki na mpangilio wa ujenzi wa baada ya 1974. Mahakama ilirithi pengo hilo na kulirefusha. Katika hali hiyo muda uligeuka kuwa mali: aliyeweza kusubiri alinufaika, na asiyeweza alipoteza hata pale sheria ilipokuwa upande wake.

1.0 Utangulizi

Mtu anayenunua nyumba katika nchi isiyo yake hununua vitu viwili kwa wakati mmoja: jengo analoliona kwa macho, na ahadi ya kisheria asiyoiona. Jengo linaweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja. Ahadi ya kwamba nyumba hiyo itaandikishwa kwa jina lake inaweza kubaki hewani kwa miaka kumi au zaidi. Historia ya Saiprasi katika nusu karne iliyopita inatoa mfano ulio wazi wa hali hiyo. Maelfu ya wageni walilipa bei yote ya nyumba, wakahamia, wakapanda bustani na kulipa bili za maji na umeme, ilhali katika masjala ya ardhi nyumba hizo ziliendelea kuwa za kampuni iliyowauzia, tena zikiwa zimewekwa rehani benki.

Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: kwa nini mnunuzi aliyetimiza wajibu wake wote hakuweza kupata haki kwa haraka katika nchi yenye mahakama huru, mawakili wengi na, tangu 2004, uanachama wa Umoja wa Ulaya? Uchunguzi umejikita katika sheria zilizochapishwa, mwelekeo wa maamuzi ya mahakama na mageuzi ya kitaasisi. Unahusu maeneo yaliyo chini ya udhibiti wa Jamhuri ya Saiprasi pekee. Migogoro ya mali zilizoko kaskazini mwa kisiwa ina chimbuko lake na inahitaji utafiti wake.

2.0 Chimbuko: Sheria ya Kikoloni na Ardhi ya Baada ya 1974

Uingereza iliichukua Saiprasi kutoka kwa utawala wa Waosmani mwaka 1878, ikaifanya koloni rasmi mwaka 1925, na ikaondoka mwaka 1960. Katika kipindi hicho kisiwa kilipata sheria zilizotoka katika mikondo miwili tofauti. Sheria ya mikataba, iliyojulikana baadaye kama Sura ya 149, ilitungwa mwaka 1930 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua ukoo huo mara moja, kwa kuwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo ni tawi la mti uleule. Kwa mwanasheria wa Dar es Salaam, vifungu vya Saiprasi kuhusu ofa, kukubali ofa, na fidia ya kuvunja mkataba havina ugeni mkubwa.

Sheria ya ardhi ilifuata njia nyingine. Kanuni ya Ardhi ya Waosmani ya 1858 iliendelea kutumika hadi ilipoanza kutumika Sura ya 224 mwaka 1946. Sheria hiyo ilisimamisha haki zote za ardhi juu ya usajili. Katika sheria ya Uingereza, mnunuzi huhesabiwa kuwa na maslahi ya kiusawa katika ardhi tangu mkataba unapotiwa saini. Nchini Saiprasi mkataba ulimpa mnunuzi haki dhidi ya muuzaji tu, wala haukumpa haki ndani ya ardhi yenyewe. Mnunuzi Mwingereza aliyeamini kuwa sheria ya koloni la zamani ni sheria ya nyumbani kwao alikosea hapa kabla hata hajatia saini.

Kinga pekee ya mnunuzi ilikuwa Sura ya 232, iliyohusu utekelezaji mahususi wa mikataba ya kuuza ardhi. Iliruhusu mkataba wa maandishi uwasilishwe katika Ofisi ya Ardhi ndani ya miezi miwili tangu kutiwa saini. Mkataba uliowasilishwa uligeuka kuwa zuio juu ya ardhi na kumpa mnunuzi haki ya kuiomba mahakama iamuru uhamisho. Hata hivyo, zuio hilo halikuitangulia rehani iliyokuwa imeandikishwa kabla yake. Kifungu hicho kidogo cha kipaumbele ndicho kilichokuja kuwa kiini cha matatizo yote yanayojadiliwa hapa.

Uvamizi wa Uturuki wa mwaka 1974 uliipa sheria hiyo ya zamani mazingira mapya. Vituo vikuu vya utalii, yaani fukwe za Famagusta na Kyrenia, vilibaki kaskazini. Jamhuri ililazimika kuwapa makazi wakimbizi wa ndani na kujenga upya uchumi wa utalii upande wa kusini, katika Limassol, Ayia Napa na, baada ya uwanja wa ndege wa kimataifa kufunguliwa mwaka 1983, Paphos. Serikali ilihitaji majengo kwa haraka, na benki zilihitaji dhamana. Waendelezaji milki, yaani kampuni zinazonunua ardhi, kujenga nyumba na kuziuza, waliwekwa katikati ya mahitaji hayo mawili. Ardhi ilikuwa dhamana, mkopo ulijenga nyumba, na fedha za mnunuzi zilianzisha mradi uliofuata. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona sababu ya kuuvuruga mzunguko huo.

3.0 Mkataba, Rehani na Hatimiliki: Kumbukumbu Tatu za Nyumba Moja

Tuchukue mfano wa kubuni unaowakilisha mpangilio wa kawaida. Wanandoa wastaafu kutoka Uingereza wanatia saini mkataba mwaka 2005 wa kununua nyumba katika kijiji kilicho karibu na Paphos. Nyumba bado haijajengwa. Wanalipa kwa awamu kadiri kuta zinavyopanda, na mwaka 2007 wanapewa funguo. Mkataba wao umewasilishwa Ofisi ya Ardhi. Wasichokijua ni kwamba mwaka 2003 kampuni iliweka kiwanja kizima, chenye nyumba zao na za majirani wao, rehani kwa benki.

Ili wapate hatimiliki, mlolongo mrefu lazima ukamilike. Mamlaka za mipango miji na ujenzi sharti zithibitishe kwamba kilichojengwa kinalingana na vibali. Bwawa la kuogelea lililosogezwa au chumba kilichoongezwa bila idhini hutosha kuzuia cheti cha ukamilishaji, hata kama kosa lipo kwenye nyumba ya jirani. Kisha kiwanja kimoja hugawanywa katika sehemu na kila sehemu huandikishwa peke yake. Muuzaji sharti awe amelipa kodi zake, ikiwemo kodi ya majengo na ardhi iliyokokotolewa kwa thamani za mwaka 1980 hadi ilipofutwa mwaka 2017. Mwisho, benki lazima ikubali kuiachilia nyumba kutoka katika rehani. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya alihitaji pia kibali cha Baraza la Mawaziri chini ya Sura ya 109. Katika mlolongo huo hatua karibu zote zilikuwa mikononi mwa muuzaji au benki yake.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na kumbukumbu tatu zisizosomana. Mkataba ulisema nyumba ni ya mnunuzi. Rehani ilisema ni dhamana ya deni la muuzaji. Hatimiliki ya kiwanja mama ilisema ni ya muuzaji. Kumbukumbu zote tatu zilikuwa halali, na zote ziliweza kukutwa katika Ofisi ya Ardhi ileile. Wakati uchumi ulipokuwa ukikua, mkanganyiko huo ulifichwa na fedha za wanunuzi wapya. Msukosuko wa fedha wa dunia wa mwaka 2008 ulipokausha soko la nyumba, mkanganyiko ukadhihirika. Makadirio yaliyorudiwa mara nyingi katika mijadala ya umma nchini humo yalizungumzia nyumba zaidi ya laki moja zisizo na hatimiliki. Nyingi kati yake zilikuwa za wenyeji. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu linaonesha kuwa tatizo halikuanza kama ubaguzi dhidi ya wageni. Mwenyeji na mgeni walisimama mbele ya sheria moja. Walichotofautiana, kama itakavyoonekana, ni uwezo wa kusubiri.

4.0 Safari ya Shauri Mahakamani

Mnunuzi aliyeamua kushtaki alifungua shauri katika Mahakama ya Wilaya. Kanuni za mwenendo wa madai zilizotumika hadi 2023 zilirithiwa kutoka Uingereza ya kabla ya uhuru. Kanuni hizo ziliwaachia mawakili wa pande mbili kuliendesha shauri kwa kasi waliyoitaka. Jaji alisubiri kuletewa. Hati ya madai ilifuatwa na hati ya utetezi, hati ya utetezi ikafuatwa na maombi madogo, na kila ombi dogo lilipangiwa tarehe, likasikilizwa, likatolewa uamuzi, na mara nyingine likakatiwa rufaa kabla ya hoja kuu kuguswa. Ushahidi ulitolewa kwa mdomo mahakamani, na kuahirishwa kwa shauri lilikuwa jambo la kawaida. Ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu mazingira ya biashara ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba kutekeleza mkataba wa kawaida kupitia mahakama za Saiprasi kulichukua siku 1,100, yaani takriban miaka mitatu, bila kuhesabu rufaa.

Kwa mgeni kulikuwa na vikwazo vya ziada. Cha kwanza ni lugha. Kiingereza kilitumika katika mahakama za Saiprasi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa lugha hiyo. Lakini wimbi kubwa la wanunuzi Waingereza lilikuja baada ya mahakama kuhamia kwenye Kigiriki. Wakajikuta wanadai haki chini ya sheria zenye asili ya kwao, kwa lugha wasiyoielewa, wakilipia tafsiri ya kila waraka.

Kikwazo cha pili kilikuwa umbali. Wadai walioishi Uingereza walisafiri kwa ajili ya tarehe ambayo ingeweza kuahirishwa asubuhi ileile. Umbali uligusa pia upelekaji wa nyaraka. Shauri C-519/13 lililoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 16 Septemba 2015 linaonesha jinsi jambo hilo lilivyoweza kula muda. Hapa benki ndiyo iliyowashtaki wakazi wa Uingereza waliokopa ili kununua nyumba Saiprasi, na wadaiwa wakapinga namna walivyopelekewa wito, kwa kuwa haukuambatishwa fomu ya kuwaeleza haki yao ya kuukataa waraka ulioandikwa kwa lugha wasiyoifahamu. Mahakama Kuu ya nchi ikapeleka swali Luxembourg. Jibu likawa kwamba fomu hiyo ni ya lazima katika kila hali, ila kukosekana kwake hakubatilishi upelekaji, bali hurekebishwa kwa kuipeleka. Kanuni iliyopatikana ni ya haki na yenye manufaa. Hata hivyo, mgogoro wa mkopo ulikuwa umesimama kwa miaka kadhaa ukisubiri jibu kuhusu karatasi moja.

Kipo pia kisa cha kisheria ambacho mwanahistoria hawezi kukipita. Kutokana na machafuko yaliyoanza Desemba 1963, Sheria Na. 57 ya 1964 ilisimamisha ukomo wa muda wa kufungua madai. Hatua iliyokusudiwa kuwa ya dharura ilidumu, kwa marekebisho ya hapa na pale, hadi Sheria Na. 66(I) ya 2012 ilipoweka upya mfumo kamili wa ukomo. Kwa hiyo, kwa karibu nusu karne, sheria ya madai nchini Saiprasi iliishi bila saa. Haitakuwa sahihi kudai kuwa sheria hiyo ndiyo iliyochelewesha mashauri ya wanunuzi, kwani ilihusu kufungua mashauri na si kuyasikiliza. Lakini inasaidia kueleza utamaduni wa kisheria ambamo muda haukuhesabiwa kuwa gharama ya mtu yeyote.

5.0 Nani Alifaidika na Kuchelewa?

Wanasheria hupenda kusema kuwa haki iliyocheleweshwa ni haki iliyonyimwa. Kauli hiyo huficha swali la kihistoria: ilinyimwa nani, na ikampa nani?

Kwa mwendelezaji milki, kila mwaka wa shauri ulikuwa mwaka wa mkopo usio na riba kutoka kwa mnunuzi. Fedha za nyumba alikwisha zipokea; kilichobaki ni wajibu wa kuhamisha umiliki, na wajibu ulioahirishwa haukuwa na gharama kubwa kwake. Kwa benki, ardhi iliyobaki kwa jina la muuzaji iliendelea kuonekana vitabuni kama dhamana nzuri. Kama hatimiliki zote zingetolewa kwa wakati, baadhi ya rehani zingebaki bila ardhi ya kutosha nyuma yake. Hata dola, iliyohitaji kodi za ujenzi na utulivu wa benki, haikuwa na haraka. Hakuna haja ya kudai kwamba pande hizo zilikaa na kula njama. Inatosha kuona kwamba kila mmoja, akitafuta maslahi yake ya kawaida, alipata nafuu kesho isipofika.

Mnunuzi mwenyeji aliishi katika nyumba isiyo na hati kwa subira fulani, akiwa na ndugu karibu, wakili anayemfahamu na miaka mbele yake. Mnunuzi mgeni wa kawaida alikuwa mstaafu. Alipotaka kuuza ili arudi kwao kwa matibabu, hakuweza kuuza kwa uhuru alichokuwa hajaandikishwa. Alipofiwa na mwenzi, urithi ulikuwa urithi wa shauri. Waliokopa kwa faranga za Uswisi waliona deni likipanda kila sarafu hiyo ilipoimarika, hasa Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilipoondoa ukomo wa thamani yake dhidi ya yuro. Kwa watu wa umri huo, miaka minane ya shauri ni sehemu kubwa ya maisha yaliyosalia. Ndiyo maana wengi walikubali suluhu nje ya mahakama kwa masharti ambayo wasingeyakubali kama hukumu ingekuwa karibu. Suluhu hizo hazionekani katika ripoti za mahakama, na mtafiti anayehesabu hukumu peke yake ataikosa sehemu kubwa ya historia hii.

6.0 Marekebisho, 2011–2023

Shinikizo lilitoka pande kadhaa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikwisha kuikuta Saiprasi mara kadhaa na kosa la kukiuka haki ya kusikilizwa ndani ya muda unaofaa, na Sheria Na. 2(I) ya 2010 ikaruhusu mtu kudai fidia kwa ucheleweshaji huo. Kasoro ilikuwa dhahiri: aliyechoshwa na shauri moja alitakiwa kufungua jingine. Wanunuzi nao walipeleka malalamiko katika Bunge la Ulaya.

Mwaka 2011 Bunge la Saiprasi lilipitisha kifurushi cha sheria. Sheria Na. 81(I) ya 2011 ilichukua nafasi ya Sura ya 232 na kurefusha muda wa kuwasilisha mkataba hadi miezi sita, huku sheria nyingine zikilegeza masharti kwa majengo yenye kasoro ndogo za vibali. Hatua hizo zilifungua njia ya ofisi za mipango. Rehani hazikuguswa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na anguko la benki. Machi 2013 Saiprasi ilikubaliana na wakopeshaji wa kimataifa kupata mkopo wa yuro bilioni 10. Miongoni mwa masharti lilikuwamo la kupunguza mrundikano wa hatimiliki. Kwa mara ya kwanza, malalamiko ya wastaafu wa Paphos yalisomwa kama tatizo la uthabiti wa fedha, wakati ambapo takriban nusu ya mikopo nchini ilikuwa hailipiki. Hata hivyo, wakopeshaji walidai pia taratibu za haraka za kuuza mali zilizowekwa rehani, nazo zikapitishwa mwaka 2014. Hatari ikawa bayana kwamba benki ingeweza kuuza nyumba iliyokwisha lipiwa ili kufidia deni la aliyeiuza.

Jibu lilikuwa Sheria Na. 139(I) ya 2015, iliyojulikana kama sheria ya wanunuzi walionaswa. Ilimpa Mkurugenzi wa Ofisi ya Ardhi mamlaka ya kuiondoa nyumba katika rehani na kuihamishia kwa mnunuzi aliyelipa bei yake na ambaye mkataba wake uliwasilishwa kabla ya mwisho wa 2014. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa kuwa ililitoa suala mahakamani na kulirudisha lilikozaliwa, yaani masjala. Lakini benki zilipinga maamuzi ya Mkurugenzi, na baadhi ya mahakama za wilaya zikakubali hoja kuwa sheria hiyo iliingilia uhuru wa kufanya mikataba unaolindwa na ibara ya 26 ya Katiba. Sheria iliyotungwa ili kuwaepusha wanunuzi na mahakama ikawarejesha mahakamani. Wakati huohuo, kuanzia 2018, benki ziliuza mafungu makubwa ya mikopo kwa wawekezaji, na wanunuzi wengine wakajikuta wakikabiliana na mdai wasiyewahi kufanya naye mkataba.

Mageuzi ya mahakama zenyewe yalikuja mwisho. Tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Utawala wa Umma ya Ireland na kutolewa mwaka 2018 ilionesha mrundikano mkubwa, usimamizi hafifu wa mashauri na matumizi madogo ya tehama. Julai 2023 Mahakama ya Rufani ilianza kazi, na Septemba mwaka huohuo kanuni mpya za mwenendo wa madai, zilizoandaliwa kwa msaada wa jopo lililoongozwa na jaji mstaafu wa Uingereza, Lord Dyson, zikampa jaji mamlaka ya kuongoza mwendo wa shauri. Uingereza iliyoacha kanuni za zamani ikashiriki, miongo sita baadaye, kuziondoa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mashauri ya wanunuzi wa kigeni nchini Saiprasi hayakuwa ya polepole kwa sababu ya mahakama pekee. Polepole hiyo ilianza siku mkataba ulipowasilishwa nyuma ya rehani, na ilidumu kwa sababu kila mwenye nguvu katika mzunguko wa ujenzi na mikopo alifaidika nayo. Mahakama ziliombwa kutibu kwa hukumu ya mtu mmoja mmoja tatizo la mfumo mzima, kwa kanuni zisizothamini muda.

Mchango wa makala haya kwa historia ya sheria ni kupendekeza kwamba ucheleweshaji uchunguzwe kama uhusiano wa kiuchumi wenye anayetoa na anayepokea, badala ya kuchukuliwa kuwa upungufu wa kiutendaji tu. Mtazamo huo unaweza kuwafaa watafiti wa nchi nyingine zilizorithi sheria za mikataba za ukoo uleule na ambako nyumba huuzwa kabla ya kujengwa. Swali la kuuliza ni ni nani anayelipia siku zinazopita kabla ya hati kutoka. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika historia hii, aliyecheleweshwa hakuwa aliyezembea, na nyumba aliyoikuta si yake alikuwa amekwisha kuilipia.